Pumzi Kabla ya Kiitikio

Tangu Pasaka hakuna aliyebisha mlango wa Zdravka, hadi alipotokea binti huyu wa redioni, kakumbatia santuri ya mwaka themanini na sita. Zdravka alimpa ndara za wageni, zingali mpya.

"Bibi, ulikuwepo studio Zagreb walipoirekodi. Sauti hii ya juu ni ya nani? Watu wanabishana mpaka wanatukanana!"

"Hawana kazi hao."

Binti alicheka, akaiweka santuri kwenye gramafoni ya Zdravka, akashusha sindano. Kabla ya kiitikio ilisikika pumzi, ikipiga mluzi mdogo kwenye pengo la meno.

Zdravka alifumba mdomo, ulimi ukagusa pengo lake. Alikuwa amemwahidi marehemu mwimbaji, mwenye jina kwenye santuri hiyo, kwamba hatasema kamwe.

"Ni ya mwimbaji mwenyewe, mwanangu," alisema. "Mimi nilikuwa nawapikia kahawa."