Ndege Asiyeangusha Mwanafunzi

Sikilizeni ya jeshi la panya, lililotafuta ndege wa kuwafundishia wanafunzi urubani. Mchaguzi alikuwa Jemadari Buku, mwoga wa aibu.

"Wanafunzi wako huanguka?" alimuuliza Njiwa.

"Sana, afande. Ndivyo wanavyojifunza."

Buku akapigwa na butwaa. "Toka mbele yangu! Mwewe, na wewe je?"

"Kwangu hajaanguka hata mmoja, afande."

Papo hapo Buku akamrukia mgongoni amjaribu mwenyewe, wanafunzi wakimpigia saluti. Lo, raha iliyoje! Mwewe hakutikisika hata kidogo.

"Wanafunzi wako wa zamani wako wapi, niwaajiri?" Buku akauliza walipofika mawinguni.

Mwewe akageuza shingo taratibu.

"Hajaanguka hata mmoja, afande. Wala hajatua hata mmoja."