Gia ya Pili

Injini ya lori iliunguruma kwa mara ya kumi na moja, na kwa mara ya kumi na moja lori lenyewe halikuonekana. Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi tii. Severina alisonya.

"Sauti ipo lakini," alisema Bujiku, kama mtu anayefariji wafiwa.

"Sauti tu itakusaidia nini, kaka? Utaendesha gizani?"

Severina ndiye fundi kompyuta wa mtaa ule wa Mafinga, kibanda mbele, nyumba nyuma, katikati pazia. Kazi yake kwa kawaida haina maajabu: kompyuta ikisumbua unaifuta yote, unaipiga Windows upya, mwenyewe anaondoka akicheka. Hii ya Bujiku ilikataa. Ilikuwa mali ya mradi fulani uliokufa, na watu wa mradi waliifunga kwa nywila isiyojulikana, ikabaki na mfumo wake uleule wa Linux. Gemu aliyoileta kwenye flashi, ya kuendesha malori milimani, ilitengenezwa kwa ajili ya Windows.

Basi kwa siku nne Severina alikuwa akiidanganya hiyo gemu iamini iko kwenye Windows. Siku ya kwanza haikufunguka kabisa. Ya pili ilifunguka, ikajifunga. Ya tatu ikalalamika kuna faili halipo. Akalitafuta mtandaoni nusu siku, akaliweka, ikadai jingine. Leo Jumapili, na walichovuna ni mngurumo.

Fundi mwingine angemwambia mteja abebe mzigo wake aende. Severina hakuweza, na sababu aliijua. Baba yake, marehemu Sosthenes, aliendesha malori ya mbao mpaka siku alipokatwa mguu. Mwaka wake wa mwisho alishinda uani, mikononi sahani tupu, akiizungusha kama usukani. Watu walipopita, Severina alimwonea aibu baba yake. Aibu ile inamuuma kuliko msiba wenyewe.

Na sasa huyu Bujiku, Msukuma wa Usangu, mguu wa kulia anauburuta, amefumba macho anasikiliza injini, mikono inazunguka hewani.

"Miaka tisa nimekula vumbi la malori ya mbao, dada," alimwambia siku ya kwanza. "Mpaka lori lilipotuangusha pale mteremko wa Kitonga. Tulikuwa wawili, nimebaki mimi."

Severina hakuuliza zaidi. Kidonda cha mwenzio hukichokonoi.

Injini ilipandisha sauti. "Hapo mtu anabadilisha gia, eh?" aliuliza Bujiku.

"Unaniuliza mimi tena?" Severina alicheka. Bujiku hakucheka.

"Ikishindikana leo basi," alisema. "Kesho asubuhi naichukua hivyohivyo."

Anarudi kwao Usangu, aliwaza Severina, akakae uani kama baba.

Jioni alijaribu la mwisho. Kadi ya picha ilikuwa imezeeka, gemu haitaki hata kuitambua. Akailazimisha kompyuta ichore picha yenyewe, bila kadi. Feni ililia. Halafu, taratibu, kioo kikaanza kupata rangi: barabara, misonobari, pua ya lori jekundu.

"Imekubali!" Severina alipiga kelele. Wanawe pacha, Happy na Roza, wakaja mbio kutoka uani na brashi za viatu mikononi. Wiki nzima basi la shule halikuwa likija, wametembea kwa miguu, na viatu vilijaa tope.

Bujiku alibonyeza kitufe. Picha haikusogea. Happy akahesabu kwa sauti mpaka ishirini na tatu. Picha ya pili ilipotokea, lori lilikuwa limelala mtaroni. Kisha kila kitu kikaganda, na kompyuta ikaanza kunuka joto.

Severina aliichomoa kwenye umeme.

"Niachie mpaka asubuhi," alisema Severina, ingawa alijua hakuna dawa.

Kulipokucha, ukungu ulikuwa bado juu ya misonobari. Honi ililia kwenye kona.

"Mama, basi limerudi!" Pacha walichomoka, uji wameuacha nusu. Mlangoni nusura wagongane na Bujiku, aliyekuja akichechemea, shati limenyooshwa pasi.

"Dada, nina haraka. Nimeacha gari linawaka."

"Imeshindikana, kaka." Machozi yalimlenga, na hakuyaficha. "Nisamehe. Nilitamani sana nikurudishe kwenye usukani, hata kama ni wa kuchezea."

"Unirudishe?" Bujiku alishangaa. "Mimi nilikuwa utingo, dada. Kazi yangu kufunga turubai na kuweka kigingi kwenye tairi. Dereva ndiye aliyebaki Kitonga."

"Sasa gemu ilikuwa ya nini?"

"Nijifunzie. Leseni kuna watu walinifanyia mpango, kazi nimepata kwa leseni hiyo, na usukani nimeushika leo asubuhi kwa mara ya kwanza." Alicheka kwa haya, akiiweka kompyuta kwapani. "Kutoka kule juu mpaka hapa nimekuja na gia ya kwanza tu. Nilitaka gemu inionyeshe ya pili kabla ya huu mteremko."

Akaaga, akachechemea kuelekea kwenye kona. Severina alipofika mlangoni, basi la njano la shule lilikuwa limeshaanza kuteremka, na kwenye kioo cha nyuma Happy na Roza walikuwa wakimpungia mkono.