Halas

"Halas?" madam aliuliza kutoka mlangoni.

"Bado kidogo, madam."

Dalmas alikuwa amepiga magoti kwenye ua wa nyumba ya kina madam, Riyadh. Taa mbili za ukungu alishazifunga chini ya bampa, lakini mwanga wake ulipanda juu mno ukutani. Hivyo gari lingekwama kwenye ukaguzi, na njiani kwenda Jeddah lingempofusha dereva anayekuja. Akazungusha skrubu taratibu mpaka mwanga ukashuka.

"Halas," akasema. Imekwisha. Akajipangusa mikono, akafungua mlango wa nyuma, jinsi alivyomfungulia madam huyu tangu alipokuwa mtoto wa chekechea.

Madam hakuingia. Mkononi alishika leseni mpya, yenye picha yake.

"Halas, Dalmas," akasema kwa sauti ya chini. "Jeddah naenda mwenyewe. Baba ameshakukatia tiketi ya Nairobi."

Dalmas aliutazama mlango aliokuwa ameushika, kisha akaufunga polepole. Akafungua wa dereva, akainama, akakivuta kiti chake mbele hadi pale ambapo miguu ya madam ingefikia breki.