Malkia Juu ya Mbuzi

Msinibishie, nilikuwepo. Magofu ya Persepoli, kule Uajemi, siku hizi hujengwa upya kwa maneno ya mwongoza watalii: akisema jambo na wageni wakaliamini, mashine ya ujenzi iliyofungwa pale huliinua kwa jiwe papo hapo. Wasipomwamini, kibali chake hufutwa.

Siku hiyo nilikuwa nikiongoza wageni kumi na wawili kutoka Pemba, nami nilishapewa onyo la mwisho. Mmoja wao, Bi Zuwena, akanibana mbele ya nguzo.

"Babu wee, usituzuge! Malkia wa Uajemi alikuwa akifanya nini hapa?"

"Alikuwa akikaa juu ya mbuzi, bibi yangu, akikuna nazi. Kwani sisi Washirazi tulijifunzia wapi?"

Wakaangua kicheko, kisha wakaitikia: kweli bwana! Ardhi ikanguruma. Mashine, isiyojua jiko la kwetu, ikainua malkia wa jiwe, taji kichwani, nazi mkononi, kampanda beberu mwenye ndevu. Vigelegele! Nikabebwa juu juu, nikapewa kibali cha maisha.

Nikarudi Unguja kifua mbele. Picha za yule malkia zilikwishanitangulia. Nikamkuta mke wangu Asya jikoni, amekaa juu ya mbuzi yetu ya kukunia nazi, ile aliyorithi kwa mama yake, lakini hakuni.

"Mume wangu," akaniuliza taratibu, akiupapasa ubao, "huyu mbuzi wetu, nani alimkata kichwa?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Asya akaendelea kunitazama, anangoja jibu.