Mirija Mitatu ya Mama Vijidudu

Mkuu wa maabara alisimama mlangoni mwa ukumbi, mikono kaitanua kama golikipa.

"Mama, rudi. Ukiingiza mirija hiyo humu, Jumatatu usije kazini."

"Basi Jumatatu nitalala mpaka saa nne. Nipishe, mzee."

Akapisha. Ukimwona mwanamke yule amekaza shingo, unapisha tu.

Mtaani walimwita Mama Vijidudu, maana kazi yake ilikuwa kulea bakteria kwenye chupa, kuwalisha na kuwapima kama watoto wa kliniki. Mwanzoni jina lilikuwa la kumcheka. Binti yake alipoanza kuugua, kicheko kilikwisha. Mtoto wa miaka sita aliyekuwa hakamatiki kwa mbio, sasa tumbo linamsokota, kichwa kinamgonga, mchana kutwa amejilaza. Hospitali walimpima kila walichojua kupima, wakakosa la kusema.

Mama hakuhitaji kuambiwa. Nyuma ya mtaa kulikuwa na kiwanda cha betri, na mfereji wake ulimwaga maji kwenye kijito walichochezea watoto. Akampiga binti marufuku kukanyaga kijitoni. Akamkataza maji ya shuleni, akamkataza ya jirani. Anywe ya nyumbani tu, yaliyochemshwa na kuchujwa, tena anywe kwa wingi ili sumu imtoke. Mtoto akatii. Hali ikazidi kuwa mbaya. Mama akaamini sumu imekwishamkolea, na kila akipita lango la kiwanda alisonya kwa sauti ili mlinzi asikie.

Leo alikuwa ameita mtaa na kiwanda waje washuhudie maji yakipimwa, na ukumbi ulijaa hadi madirishani. Meneja wa kiwanda alikaa mbele, tai shingoni, uso mkavu. Mume wa Mama Vijidudu, fundi bati, alikuwa safu ya kwanza, binti amemlalia mapajani.

Mama alipanga mirija mitatu ya kioo mezani.

"Jamani, humu ndani nimetia bakteria. Metali nzito, kama risasi iliyomo kwenye betri, zikimwingia bakteria zinamwashia moto ndani kwa ndani. Oksijeni ile ile inayompa uhai inageuka inamla, kama kutu inavyokula msumari. Sasa hawa wangu wametengenezwa kwa namna yake. Moto huo ukianza, wanatoa mwanga wa kijani. Maji yakiwa salama, giza tupu."

"Kwa hiyo wanapiga kelele kwa taa?" aliuliza mzee mmoja.

"Hasa, babu. Mdomo hawana."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alishika mrija wa kwanza.

"Huu wa kulia kwangu, maji ya kijito. Wa katikati, maji ya mfereji wa kiwanda. Nimeyachota mwenyewe huku mlinzi ananifukuza. Wa kushoto ni maji safi, ya kulinganishia."

Mkuu wa maabara alipaza sauti kutoka mlangoni. "Hayo safi umeyatoa wapi? Mtambo wetu wa kusafisha maji si mbovu?"

"Nimeyatoa nyumbani kwangu."

"Umeyapima?"

"Ya nyumbani kwangu niyapime ya nini? Yanakaa kwenye tangi la bati alilotengeneza mume wangu mwaka jana, kila kiungo kakiziba kwa risasi ya kuyeyusha. Halivuji, wala mende hapenyi. Mji huu mzima hamna maji ya kuyafikia."

Fundi bati akainua mkono kama mgombea, na watu wakampigia makofi.

Meneja alisimama, akarekebisha tai. "Mama, ukishindwa leo, utatuomba radhi mbele ya watu hawa?"

"Nikishindwa nitapiga magoti langoni kwenu mpaka mniambie niinuke. Lakini sikilizeni na nyinyi. Mwanangu hatakufa kimya kimya ili nyinyi muuze betri. Mmenitisha kwa simu, mmemtuma bosi wangu anitishe, na bado nipo. Zimeni taa!"

Mapazia yakashushwa, taa zikazimwa.

Kwanza palikuwa giza. Kisha mrija mmoja ukaanza kupambazuka, kijani hafifu, kisha kijani cha kuumiza macho. Ukumbi ukalipuka.

"Umewaka! Umewaka!"

"Kiwanda kifungwe!"

Viti vikaanguka. Waliokuwa nyuma wakasukuma waliokuwa mbele, na wote wakamwelekea meneja, aliyejibana ukutani huku ameficha uso kwa viganja. Kina mama wakapiga vigelegele. Fundi bati alishangilia kuliko wote, machozi yakimtoka. Mke wake ameshinda, na hatimaye mtoto atapona.

"Baba, kiu," binti alimvuta shati.

Fundi bati akafungua chupa waliyotoka nayo nyumbani, akaisogeza mdomoni mwa mtoto.

Mama Vijidudu alikuwa bado ameganda mezani, macho kwenye mrija wa kushoto kwake, wa maji ya nyumbani. Mwanga wake wa kijani ndio uliomwonyesha chupa ile ikiinuliwa, naye akaruka meza, akapita juu ya viti na mabega ya watu, akaipiga kofi ikaruka huko.

"Tema!" alipiga kelele, vidole vyake tayari vimo mdomoni mwa binti. "Tema, mwanangu! Tema!"