Mbuzi Asiyeridhia

Mbuzi akamwagiwa maji kichwani tena, na tena akasimama kama gogo.

"Kiburi hiki kakirithi kwa nani?" akatania kuhani wa kike wa mungu Artemi, kisu mkononi. "Mbuzi wa wenzako huitikia kwa kichwa hata kabla maji hayajawafika!"

Nikareta, mwenye mbuzi, hakucheka. Binti yake alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu juzi, na sasa hata sauti ilikuwa imemkauka. Artemi ndiye huwafungua waja wazito, na ndiye mwenye mishale ya kuwaua. Lakini mnyama asiyeinamisha kichwa kuridhia hachinjwi; damu ya kulazimisha, mungu haipokei.

"Mwongeze maji, dada yangu."

"Hata ukimzamisha mtoni, mama, huyu hataki. Nenda ukakae na mwanao."

Matone yalining'inia kwenye ndevu za mbuzi, yakidondoka moja moja madhabahuni.

Nikareta akampokonya kuhani mtungi wa maji. Akajimwagia mwenyewe, maji yakamtiririka hadi kifuani, kisha akainamisha kichwa taratibu, kama mwari anayekubali posa.

"Haya," akasema. "Mimi nimeridhia."

Utani ukamwisha kuhani. Akaitazama sanamu ya mungu wake, kisha akaitazama shingo ya Nikareta.

Kisu hakukiweka chini.