Saa Sita za Angani

Jeneza lilikuwa limeshashushwa kaburini. Baba mdogo akachota udongo kwa koleo.

"Kaka yako ametudharau," akamwambia Speciosa mbele ya waombolezaji. "Alisema saa sita. Sasa inaelekea saa nane. Tunafukia."

"Na udongo wa kwanza atatupa nani? Si yeye, mtoto wa kiume wa mama? Hebu niambie, alisemaje hasa kwenye simu?"

"Kwamba anapanda ndege leo. 'Doha hadi Kigali ni saa sita.' Nilimsikia kwa masikio yangu."

Speciosa akapaza sauti.

"Hizo ni saa za kukaa angani, siyo saa sita mchana! Na bado avuke mpaka pale Rusumo, atafute gari la kumleta hapa Kanazi. Mtu yuko mawinguni, ninyi mnamwita mwenye dharau?"

"Watu wana njaa," alisema Baba mdogo.

Koleo likainuka. Udongo mbichi ukadondokea viatu vya Speciosa.

Akavivua, akaviweka ukingoni, akateremka kaburini na kuketi juu ya jeneza la mama yake.

"Haya, Baba mdogo," akasema kutoka chini. "Mwaga."